Mguu bandia au splinti inakusumbua? Anza na kiatu, njoo kwenye soksi, skrubu ziwe za mwisho

Kuna asubuhi moja nilivaa mguu wangu kama siku zote, nikafungua mlango, hatua ya kwanza tu goti likachomoka mbele kama mtu kanipiga ngwala kwa nyuma. Nikarudi ndani. Nikavua, nikaugeuza geuza, nikajaribu bolti moja moja, nikaongeza soksi, nikapunguza soksi, nikamsema fundi kimoyomoyo, na ni baada ya kama saa zima hivi ndio nikaangalia chini nikashtuka kwamba nimevaa viatu vya ngozi vya kutokea, vyenye kisigino, wakati mguu ulisetiwa na raba za soli bapa. Mguu haukuwa na shida yoyote, kiatu ndio kilikuwa kimeuinamisha mbele.

Tangu siku hiyo nina utaratibu mmoja tu na ndio nataka kukupa hapa. Kitu kikianza kusumbua usikimbilie spana. Anza na kiatu, njoo kwenye soksi na jinsi ulivyovaa, skrubu ziwe za mwisho kabisa na hata hapo ziwe za fundi sio zako. Na kabla ya vyote jiulize maswali mawili: inasumbua kipande gani cha hatua (kisigino kikigusa chini, ukiwa umesimama juu yake, au vidole vikiachia) na inasumbua saa ngapi ya siku. Ukienda kwa fundi ukamwambia "unauma tu" atabahatisha, ukimwambia "unauma mbele chini, jioni, wakati vidole vinaachia" nusu ya kazi umeshamfanyia.

Naongelea mguu bandia wa chini ya goti, ambao ndio navaa mimi, na ile splinti ya plastiki ya unyayo na kifundo ambayo wengi wanaiita AFO, ambayo mzee wangu anavaa tangu apate kiharusi. Halafu tuelewane kwenye maneno, maana Kiswahili kinaita mguu kuanzia nyonga mpaka ukucha: nikisema unyayo ni kile kipande kinachoingia kwenye kiatu, kigutu ni mguu uliobaki baada ya kukatwa, soketi ni lile bakuli kigutu kinamoingia, laina ni ule mfuko laini kama wa mpira unaovaliwa kwenye kigutu kabla ya soketi, na soksi, kwa mguu bandia, ni zile za kuvaa kwenye kigutu kujaza nafasi ndani ya soketi.

Kwanza, hali za kuvua hapo hapo

Hizi hazina utatuzi wa nyumbani. Ukiona ufa kwenye soketi, kwenye bomba linaloiunga na unyayo au kwenye unyayo, vua, shika magongo. Ukiwa na kidonda kilichofunguka, usaha, wekundu unaopanda juu au homa, vua na uende hospitali, usijidanganye kwamba utaweka plasta uvae "leo tu" kwa sababu leo tu ndio inaongeza wiki tatu za kukaa bila mguu.

Na kama una kisukari kuna moja inawapita wengi kwa sababu iko kwenye mguu ule mzima, sio wa bandia. Unyayo unakuwa wa moto, mwekundu, umevimba, na cha ajabu hauumi sana au hauumi kabisa. Watu wanadhani wameteguka. Inaweza kuwa ugonjwa unaoitwa Charcot, jina la daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot, ambapo ganzi inakufanya uendelee kutembelea mifupa inayovunjika na kulegea kimya kimya mpaka tao la unyayo linabonyea. Kliniki wanapima joto la nyayo zote mbili, tofauti ya kama nyuzi 2 za Selsiasi inatosha kuwashtua. Usiukanyagie, nenda. Kujua kama una ganzi kuna kipimo rahisi sana, kiuzi cha nailoni kinachopinda kikibonyezwa kwa uzito wa gramu 10, usipokihisi kwenye unyayo basi kinga ya maumivu umeshaipoteza na macho yako ndio yabaki walinzi, kila jioni, na kioo cha kuangalia chini ya unyayo.

Hatua moja ina bembea tatu

Hapa nitakuchosha kidogo ila bila hii mengine yote utakuwa unakariri. Unyayo wa mtu una mifupa 26. Daktari wa mifupa Jacquelin Perry, aliyefanya kazi miaka mingi hospitali ya Rancho Los Amigos kule California, alieleza kwamba mwili unapita juu ya unyayo kama kiti cha bembea, mara tatu ndani ya hatua moja. Bembea ya kwanza ni kisigino: kinagusa, halafu unyayo unashuka taratibu kwa sababu misuli ya mbele ya muundi inaushikilia usianguke pwa. Ya pili ni kifundo: unyayo umetulia chini wote, muundi ndio unainama kwenda mbele. Ya tatu ni mbele, kwenye mizizi ya vidole: kisigino kinanyanyuka, shavu la mguu linasukuma, unaondoka. Unyayo unakaa chini kama asilimia 60 ya mzunguko, hewani asilimia 40 iliyobaki.

Na ile ya tatu ina ujanja wake. Mwaka 1954 mtafiti J. H. Hicks alionyesha kwamba vidole vikipinda kwenda juu, ule utando mgumu wa chini ya unyayo unajikunja kama kamba kwenye roda, tao linanyanyuka, na unyayo uliokuwa laini sekunde moja iliyopita unakuwa mgumu kama mtaimbo wa kusukumia. Jaribu sasa hivi kwa mguu mzima: simama, nyanyua kidole gumba kwa mkono, utaona tao linapanda lenyewe.

Mguu bandia hauna kifundo kinachoamua wala shavu la mguu linalosukuma, unaigiza tu. Unyayo wa aina ya SACH, ambao ulitoka Chuo Kikuu cha California kule Berkeley miaka ya 1950, una kiini kigumu ndani na kisigino cha sponji; sponji ikibonyea ndio inajifanya kifundo kinashuka. Zile za kaboni alizozianzisha Van Phillips zinapinda halafu zinakurudishia, ila springi inarudisha ulichoipa wewe, haina chake. Ndio maana ukiniuliza "mbona nachoka kuliko wenzangu na mguu uko sawa?" jibu mara nyingi ni kwamba hakuna kilichoharibika, paja na nyonga zinafanya kazi ya shavu la mguu ambalo halipo. Mwaka 2012 Hugh Herr na Alena Grabowski walichapisha utafiti wa kifundo chenye mota kinachosukuma chenyewe, na waliokivaa walitumia nguvu karibu sawa na watu wenye miguu yao. Kwa hiyo kuchoka sio uvivu, ila kuchoka *ghafla* kuliko mwezi uliopita hiyo ni dalili, angalia soketi.

Goti linasukumwa mbele, au linarudishwa nyuma

Hii ndio dalili ninayoulizwa kuliko zote.

Kama goti linachomoka mbele mara tu kisigino kikigusa, cha kwanza ni kiatu: kisigino chake ni kirefu kuliko kile mguu uliosetiwa nacho. Fikiria mnara, ukiunyanyua nyuma kidogo tu kwa chini, juu unainama mbele, na goti liko juu. Sio lazima iwe kiatu cha kuchuchumia, sentimita moja inatosha kuharibu siku. Cha pili, kisigino cha unyayo ni kigumu mno kwako, badala ya kubonyea kinaupeleka muundi mbele wote kwa mkupuo. Hii inawapata sana waliopungua uzito tangu wapewe unyayo, kwa sababu unyayo unachaguliwa kwa uzito wa mtu. Na pia kiatu chenyewe kikiwa na nyuma ngumu inayoubana unyayo usibonyee unapata shida ile ile, kwa hiyo jaribu kiatu kingine kabla ya kulaumu. Cha tatu ndio mpangilio: unyayo umewekwa nyuma mno chini ya soketi au umeinuliwa vidole juu, hapo ni fundi.

Kama ni kinyume, unasikia kama unapanda kilima kwenye sakafu tambarare, goti linarudishwa nyuma, nyuma ya goti kunauma jioni, geuza kila kitu. Umevaa ndala au uko peku wakati mguu ulisetiwa na viatu. Au sponji ya kisigino imechoka, unaibonyeza kwa dole gumba inazama kama mkate uliolala, na ukitembea unyayo unapiga chini pwa. Au unyayo uko mbele mno, mtaimbo wa vidole umekuwa mrefu. Kwa kifupi, kisigino ndio mlango wa hatua na vidole ndio dirisha la kutokea, mlango ukiwa mgumu goti linasukumwa mbele, dirisha likiwa mbali goti linarudi nyuma.

Peku ni suala lake lenyewe na halizungumzwi vya kutosha. Nyayo nyingi zimechongwa zikitegemea kiatu, ukizitembelea peku ndani ya nyumba kila siku unalichosha goti bila kujua. Unyayo wa Jaipur, uliotengenezwa India mwaka 1968 na fundi Ram Chander Sharma pamoja na daktari P. K. Sethi, ulifikiriwa kuanzia mwanzo kwa mtu anayetembea peku na kuchuchumaa. Kama maisha yako ni ya peku mwambie fundi *kabla*, sio baada.

Kipimo changu: simama karibu na meza, mguu wa bandia na kiatu chake, uzito sawa pande zote mbili, funga macho, subiri. Ukisikia unasukumwa mbele au nyuma bila kutembea, ni urefu wa kisigino au mpangilio. Kama kusimama kuko sawa ila kutembea ndio kunasumbua, angalia ugumu wa kisigino, au soketi inacheza.

Asubuhi inabana, jioni inacheza

Karibu kila mtu. Kigutu sio kigogo cha mti, kina maji. Usiku umevua kinavimba, mchana ndani ya soketi kinakamuliwa, kinapungua. Chumvi nyingi, joto, dawa za presha, dayalisisi, siku za hedhi, vyote vinasogeza. Na kwa aliyekatwa karibuni kinaendelea kupungua miezi na miezi, mara nyingi inafika mwaka na zaidi kabla hakijatulia, kwa hiyo soketi ya kwanza kuwa kubwa sio fundi kakosea.

Sasa shida ni kwamba soketi kubwa na soketi ndogo zote mbili *zinauma*, na watu wanaongeza soksi ilhali walitakiwa kupunguza. Tofautisha hivi. Ukizama, yaani kigutu kimepungua umeshuka mno ndani, maumivu yanakuja kwenye ncha ya chini ya kigutu na chini ya pia ya goti, maana ile sehemu ya soketi iliyotengenezwa kubeba kano chini ya pia imepanda sasa inasukuma pia ya goti yenyewe, na mguu unajisikia mfupi. Ongeza soksi. Ukiwa juu mno, soksi zimezidi au umevimba, unasikia mguu mrefu, unarusha nyonga kuupitisha, kunabana juu na chini kabisa hakugusi kitu. Punguza soksi.

Hiyo ya chini kutogusa usiipuuze kabisa. Juu kumebana, chini kuna uwazi, damu inaingia kutoka inashindwa, ncha inakuwa nyekundu halafu zambarau, inalowa maji, na ukiiachia kwa miezi ngozi inakuwa ngumu yenye vipele kama sugu za chura. Inatibika kwa kurudisha mguso pale chini, sio kwa krimu.

Huna uhakika unagusa au hugusi? Chukua udongo wa kuchezea watoto, finyanga kidonge kama gololi, kitupie ndani ya soketi mpaka chini kabisa, vaa kama kawaida, simama sekunde kumi kwa uzito wote, vua. Kikitoka kimekuwa bapa kama sarafu umebana sana chini. Kikitoka duara vile vile hugusi. Kikitoka kama punje ya maharage iliyokaliwa kidogo, hapo pazuri. (Hii ni kwa soketi isiyo na pini, kile kijiti kwenye ncha ya laina kinachojifunga kwenye loki chini ya soketi; ukiwa na pini utaijaza loki udongo na fundi atakuchukia.)

Wenye pini mna kipimo cha bure kinaitwa klik. Mi wangu asubuhi unapiga klik tano, ikifika saa nane mchana zinakuwa saba, hapo najua nimezama, naongeza soksi nyembamba moja zinarudi tano. Asubuhi zikiwa tatu najua jana nilikula chumvi. Zikiwa sifuri, pini imekamata soksi, vua uanze upya, usilazimishe. Hesabu zako kwa wiki moja uandike, namba za mtu mwingine hazikuhusu.

Joan Sanders na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walipima maji ndani ya kigutu kwa umeme mdogo unaopitishwa kwenye ngozi wakati mtu amevaa mguu, na moja ya mambo waliyoona ni kwamba kuvua kwa muda mfupi katikati ya siku kunasaidia kigutu kubaki na ujazo wake. Kwa hiyo ule muda wa mapumziko ukiwa umekaa tu, vua, au angalau fungua loki. Mi nilikuwa naona aibu, sasa hivi sina.

Na soksi zikishakuwa lundo, yaani unene wa kumi mpaka kumi na tano kwa ile hesabu ya unene wa soksi za kigutu, acha kuziongeza. Soketi imeshakuwa ya mtu mwingine, ni ya mtu uliyekuwa mwaka jana.

Ngozi

Alama nyekundu ukivua ni kawaida, swali ni inakaa wapi na muda gani. Ikiwa pana, iko kwenye nyama na inapotea ndani ya dakika kumi hadi ishirini, endelea na maisha. Ikiwa ndogo, kali, juu ya mfupa (ncha ya mfupa wa muundi kwa mbele chini, au kile kifundo cha mfupa mwembamba upande wa nje chini ya goti) na bado ipo nusu saa baadae, hiyo inaelekea kuwa kidonda. Ukisikia na ganzi au umeme unaoshuka upande wa nje, pale kwenye kichwa cha mfupa mwembamba kuna neva inapita juu juu kabisa, soketi inaiminya. Fundi, wiki hii hii, na mwambie pia akuangalie unyayo kama haujatoka nje mno, kwa sababu unyayo ukitoka nje soketi inasukuma pale juu nje na ndani kwa chini, na ukiingia ndani mno ni kinyume chake.

Malengelenge kwenye mdomo wa juu wa laina karibu siku zote ni uvaaji. Watu wanaivuta kama soksi ya shule. Laina inageuzwa ndani nje yote, inakandamizwa chini kwenye ncha mpaka hakuna hewa, halafu *inaviringishwa* kupanda, haivutwi. Ukivuta umeivuta na ngozi, na ngozi itataka kurudi siku nzima. Hewa ikibaki chini utasikia kunyonywa kila ukinyanyua mguu, jioni una duara jekundu kwenye ncha kama umepigwa busu na bomba la maji.

Muwasho na vipele: osha laina kila jioni kwa sabuni isiyo na manukato na suuza mpaka maji yasiteleze tena, maana povu lililobaki ndio linaunguza ngozi kesho yake. Usipake losheni asubuhi kabla ya kuvaa, paka usiku. Usinyoe kigutu, nywele zikianza kuota zinajikunja ndani na kila kinyweleo kinakuwa jipu dogo. Fangasi kwenye mikunjo unaijua kwa kingo zake na harufu, inataka dawa ya fangasi na laina kavu, sio poda.

Maumivu kwenye kidole ambacho hakipo ni kitu kingine, hayatoki kwenye soketi japo soketi mbaya inayachochea. Daktari Silas Weir Mitchell alishayapa jina mwaka 1871, sio kichaa. Wengine wanasaidika na kioo, unaweka mguu mzima mbele ya kioo unauchezesha ubongo udhani ni wa pili, wengine dawa. Ila ukigonga sehemu *moja* ya kigutu kwa kidole na umeme unaruka pale pale kila mara, hilo linaweza kuwa fundo la neva, na hilo lina matibabu yake, sema.

Vidole vinakwaruza chini

Kwa mguu bandia: kabla hujasema ni mrefu, angalia kama unavuka, yaani unachomoka kidogo. Mguu ukining'inia unateleza kwenda chini sentimita moja, basi umekuwa mrefu kwa sentimita moja kila ukiwa hewani, na wewe unajibu kwa kunyanyuka kwenye vidole vya mguu mzima bila kujijua. Chukua kalamu, piga mstari kwenye soksi usawa wa mdomo wa soketi ukiwa umekanyaga, halafu nyanyua mguu. Mstari ukionekana umetoka juu ya mdomo, ni kamba, pini, raba ya kubana hewa au ujazo, sio urefu. Mstari ukibaki palepale na bado unakwaruza, hapo ndio urefu.

Kwa splinti ni sura nyingine kabisa, tuingie.

Splinti inasumbua

Mtu anavaa AFO mara nyingi kwa sababu unyayo unaning'inia: misuli ya mbele ya muundi haipati amri, iwe ni kiharusi, neva iliyominywa pale nje ya goti, au mgongo kwa chini. Splinti inashikilia kile ambacho bembea ya kwanza ilikuwa inashikilia. Ila splinti ngumu isiyo na bawaba inaondoa bembea ya pili yote, muundi hauwezi kuinama juu ya kifundo, kwa hiyo kiatu lazima kilipe hilo deni kwa soli iliyopinda mbele. Ndio maana nasema kiatu ni nusu ya splinti.

Mzee alipopewa yake wiki ya kwanza alikuwa anarudisha goti nyuma kila hatua, kach, kach, na akasema ile kitu inamvunja. Tulimpeleka tena, fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) akamsimamisha kwa upande, akaangalia muundi wake akiwa ndani ya splinti *na* kiatu, ulikuwa umelala nyuma. Akaweka kipande cha raba chini ya kisigino ndani ya kiatu, nadhani hata sentimita moja na nusu haikufika, mzee akatembea mara mbili kwenye korido akageuka akaniangalia bila kusema kitu. Elaine Owen, fizio wa Uingereza, ameandika sana kuhusu hili, kwamba ukisimama katikati ya hatua muundi usiwe wima, uiname mbele kama nyuzi 10 hadi 12 hivi, na kinachopimwa ni splinti ikiwa ndani ya kiatu, sio splinti mezani. Kwa hiyo goti likirudi nyuma, kisigino kinataka kunyanyuliwa kidogo au splinti imewekwa vidole chini mno. Goti likikunjika mbele, kimenyanyuliwa mno, na hii kwa mgonjwa wa kiharusi ni hatari zaidi kwa sababu anaanguka.

Kisigino kinapanda ndani ya splinti, hakikai chini: kwanza mkanda wa kifundo, ule wa katikati, watu wanaubana wa juu kwanza. Anza na wa kifundo, kisigino kikiwa kimesukumwa nyuma kabisa na goti limekunjwa, halafu ndio wa juu. Kama umefunga vizuri na bado kinapanda, shavu la mguu limekaza, kifundo hakifiki pale splinti inapotaka, na kulazimisha kunavunja katikati ya unyayo, tao linabonyea. Hiyo ni ya mazoezi ya kunyoosha au splinti nyingine.

Alama kwenye vifundo vya pembeni, kwenye mfupa wa ndani wa tao au mzizi wa kidole kidogo: angalia soksi, mshono mmoja tu unatosha. Soksi ndefu isiyo na mshono, ivutwe isiwe na mkunjo. Kiatu cha namba kubwa zaidi kwa mguu huo, toa sole ya ndani, kinachofunguka mpaka chini kabisa. Alama ikibaki zaidi ya nusu saa, fundi anaipasha moto plastiki anaitoa nje kidogo, kazi ya dakika chache. Usijaribu mwenyewe kwa pasi wala jiko, nimeona splinti iliyofanyiwa hivyo, ilikuwa kama chapati.

Vidole bado vinakwaruza na splinti imevaliwa: plastiki ni nyembamba mno kwa ugumu wa misuli ya anayeivaa, au imeanza kuchoka pale nyuma ya kifundo inapopindia. Ikunje kwa mkono kwenye mwanga. Ukiona mstari mweupe kwenye plastiki, ule ndio ufa wa mwezi ujao.

Milio

Kruu kruu ukitembea mara nyingi ni kaboni inasugua ndani ya ganda la unyayo, soksi nyembamba ya nailoni juu ya kaboni inanyamazisha. Mlio wa hewa, ule wa aibu kwenye kikao, ni kigutu kimepungua hewa inaingia inatoka, ongeza soksi. Tak moja kila kisigino kikigusa ndio nisiyoipenda, ni bolti imelegea au kitu kimepasuka mahali usipopaona.

Kwa hiyo mi nilimwomba fundi akishamaliza kubana anisubiri, nikachukua rangi ya kucha nikapiga kamstari kembamba kutoka kichwa cha kila bolti mpaka kwenye chuma kilichoishikilia. Kila Jumapili jioni navua naangalia ile mistari kwa tochi ya simu. Mstari ukiwa mmoja, sawa. Ukiwa umekatika, kichwa kimezunguka, nauweka mguu pembeni, nachukua magongo, napiga picha ile bolti karibu kabisa namtumia fundi, na spana naiacha ilipo.